Bakteria wa mizizi na chuma cha mnavu: shajara ya jaribio letu Tengeru

Juni, masika yamekatika

Kikundi chetu kinalima mboga za majani kando ya mfereji, chini kidogo ya Tengeru, karibu na Arusha, na mzigo wetu unaenda sokoni siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Mwezi huu tumeanza jaribio tulilokuwa tukilizungumza tangu mwaka jana: kutumia bakteria rafiki wa mizizi ili jani la mboga liwe na virutubisho zaidi ndani yake. Fungu kubwa tunajua kulipata, urea ipo dukani. Tunachotafuta ni kile ambacho mteja hakioni kwa macho.

Kilichotusukuma ni swali la mmoja wa akina mama. Binti yake mjamzito aliambiwa kliniki kwamba ana upungufu wa damu, aongeze mboga za majani. "Huyu mtoto anakula mnavu tangu hajaota meno," mama akasema kwenye kikao, "sasa hicho chuma kinaishia wapi?" Hakuna aliyemjibu siku ile. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Sisi tunaouza mnavu huku tukiusifu kuwa unaongeza damu tuna deni la kujua tunauza nini.

Nianze na udongo, maana majibu mengi yapo huko. Udongo wetu ni wa volkano ya Meru na chuma kimo tele. Shida ni kwamba chuma cha udongoni kikishakutana na hewa hugeuka kuwa kama kutu, hakiyeyuki, na mzizi haunywi kitu kisichoyeyuka. Kadiri pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa udongo, inavyopanda kuelekea ualkali ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya: kwa kila nambari moja ya pH, chuma kinachoyeyuka hupungua takriban mara elfu. Maji ya ukanda huu yana bikaboneti nyingi, kwa hiyo mtu anayemwagilia miaka nenda miaka rudi anaipandisha pH ya matuta yake bila kujua. Fosforasi nayo ina kesi yake. Udongo uliotokana na majivu ya volkano huikamata kwa nguvu, mkulima akaweka DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, na sehemu kubwa ikabaki imeng'ang'aniwa na udongo. Mmea umekaa mlangoni mwa ghala lililojaa, ufunguo hauna.

Wenye ufunguo ni bakteria. Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner aliupa jina ule ukanda mwembamba wa udongo unaouzunguka mzizi, risosfia, kwa sababu aliona uhai wa humo si sawa na wa udongo wa mbali kidogo. Mzizi unatoa sukari na asidi, bakteria wanakuja kula, na wakiwa pale wanafanya kazi inayomfaa mwenye nyumba. Wapo wanaotoa asidi, kama ile ya glukoniki, inayoyeyusha fosforasi. Wapo wanaotengeneza homoni inayoufanya mzizi uchipuze matawi mengi. Wapo, kama *Pseudomonas fluorescens*, wanaotoa sideofori, yaani kemikali zinazokwenda kukikamata chuma na kukirudisha kikiwa kimeyeyuka. Na kuna lile ambalo lilinikosesha usingizi nilipolisoma: aina moja ya *Bacillus subtilis*, inayoitwa GB03, ilionekana mwaka 2009 kuuamsha mmea mdogo wa maabara, *Arabidopsis*, uwashe mitambo yake yenyewe ya kuvuta chuma, kwa harufu tu. Bakteria na mmea hawakugusana.

Kanuni tuliyowekeana kabla ya kushika jembe ni hii: hatutasema tumefaulu kwa kuangalia ukubwa wa jani. Tutasema tumefaulu pale gramu moja ya jani kavu itakapokuwa na chuma kingi kuliko gramu moja ya jani ambalo halikupata bakteria.

Juni, wiki za mwisho: kuwatafuta

Tulichukua udongo kwenye mizizi ya mnavu uliojiotea wenyewe chini ya migomba, kwenye kihamba cha zamani, shamba la nyumbani kisichojua mbolea ya dukani. Unang'oa mmea taratibu, unautikisa, udongo unaodondoka unauacha. Unaotaka ni ule uliogoma kuachia mzizi. Gramu moja ndani ya mililita tisa za maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha mililita moja ya hayo ndani ya tisa nyingine, na kuendelea hivyo mpaka moja kwa milioni. Bila kupunguza namna hiyo, sahani ya kuoteshea bakteria inajaa ukoga mmoja usiotenganishika.

Maabara yetu ni chumba cha nyuma cha ofisi ya kikundi. Presha kuka inafanya kazi ya kuua vijidudu kwenye agari, ule utelezi mgumu wa kuoteshea bakteria, na kwenye vyombo, maana ikifika shinikizo lake lote ndani kuna nyuzi 120 hivi, na dakika 15 zinatosha. Tengeru mwezi Juni ni baridi na bakteria wanazubaa, kwa hiyo sanduku la kulelea vifaranga limepata kazi mpya: balbu moja, kipimajoto, nyuzi 30.

Kumpata *Bacillus* kuna njia ya mkato ninayoipenda. Unaupasha mchanganyiko wa udongo nyuzi 80 kwa dakika kumi. Karibu wote wanakufa, lakini *Bacillus* ana spora, gamba gumu la kujihifadhia, na akishapoa anaamka. Kwa *Pseudomonas* tulitumia agari yenye peptoni na gliserini, ile gliserini ya duka la dawa, kisha tukaazima kwa wakala wa pesa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Tulizima taa ya chumba, tukamulika sahani. Makundi kadhaa ya bakteria yaliwaka kijani cha manjano. Yule wakala alikuwa amekuja kuisindikiza taa yake, na yeye ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Mwanga ule unatoka kwenye sideofori zenyewe, kemikali ileile tunayoitafuta kwa ajili ya chuma, kwa hiyo kilichowaka mbele yetu ndicho tulichokifuata.

Julai: nani haruhusiwi kuingia shambani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna watu wameniomba niwape chupa ya "dawa ya bakteria" na nimewanyima, na sababu ni hii.

*Bacillus subtilis* ni mtu mwema. Wajapani wanamtumia kuchachushia soya na kutengeneza natto, chakula chao cha asubuhi. Lakini ana ndugu anayefanana naye, *Bacillus cereus*, anayeishi kwenye udongo huohuo, anayestahimili joto lilelile la nyuzi 80, na ambaye sumu yake inatapisha na kuharisha. Wali uliolala nje usiku kucha unajulikana kwa sababu yake. Spora zake hazifi kwa kuchemsha mboga. Mtu akikamua udongo, akapasha moto, akaotesha kilichobaki na kukimwaga kwenye mchicha, hajui amemwaga yupi.

Kwa hiyo tuliwapitisha kwenye agari yenye kiini cha yai na sukari ya manitoli. *Cereus* anaacha wingu jeupe kumzunguka, maana ana kimeng'enya kinachovunja mafuta ya kiini, na agari inabaki na rangi ya waridi. *Subtilis* haachi wingu, na agari inageuka njano kwa asidi anayoitoa akila manitoli. Wote waliotoa wingu waliingia presha kuka siku hiyohiyo. Upande wa *Pseudomonas* wa kuogopwa ni *aeruginosa*, anayeshambulia vidonda na watu wenye kinga dhaifu. Yeye anaota kwenye nyuzi 42, *fluorescens* hawezi. Tulipandisha joto la sanduku, na yeyote aliyeota tukamwondoa. Waliobaki walikwenda maabara ya chuo kusomwa vinasaba, na hatukugusa tuta hata moja hadi majibu yaliporudi.

Mama mwenyekiti aliona tunachelewa na miche inakua. Nilimwambia, "Mama, hii ni mboga ya watoto." Akanyamaza, kisha akaagiza miche mipya isiwe imezidi umri.

Kati ya waliofuzu tulichuja kwa kazi. Agari ya Pikovskaya, iliyobuniwa 1948, ina fosforasi isiyoyeyuka ndani yake na inaonekana kama maziwa. Bakteria anayeyeyusha fosforasi huacha duara safi kumzunguka. Tulimchagua *Bacillus* mmoja mwenye duara pana, na *Pseudomonas* aliyewaka kuliko wenzake.

Wa tatu alitoka kwenye kunde, ambazo huku tunakula majani yake kama mboga. Mikunde ina vinundu kwenye mizizi, na ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga kwa mara ya kwanza mwaka 1888. Kwa kunde ni jamii ya *Bradyrhizobium*. Kinundu kinachofanya kazi ukikipasua ni chekundu ndani, na wekundu huo unatoka kwenye protini yenye chuma inayofanana sana na ile ya damu yetu. Niliwapasulia akina mama vinundu kadhaa mkononi. Yule aliyeuliza swali la chuma alikiangalia kimoja muda mrefu.

Julai mwishoni: kuwazidisha

Mambo ya jikoni, nayapitia haraka. Chakula chao ni molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC Moshi, iliyozimuliwa na kuongezwa chachu iliyochemshwa. Maji ya bomba yana klorini, yanaua kila kitu, kwa hiyo yanalala kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Wingi wao tunaukadiria kwa macho: unalinganisha ukungu wa kimiminika na chupa ya kipimo iliyotengenezwa kwa bariamu na asidi ya salfuriki, ambayo ukungu wake ni sawa na bakteria milioni 150 hivi kwa mililita. Kibebeo ni mkaa wa pumba za mpunga. Pumba zinatoka kwenye mashine za kukoboa za Moshi chini, huko kwenye mashamba ya umwagiliaji, na ukizichoma bila kuziacha ziwe jivu zinabaki na matundu ambamo bakteria wanajificha.

*Bacillus* amekaa kwenye mkaa huo vizuri kabisa. *Pseudomonas* hana spora, anakufa upesi akikaa, kwa hiyo huyu lazima atengenezwe upya kila mara.

Agosti: matuta

Mbegu tulizochagua ni mnavu wa Nduruma na mchicha wa Madiira, aina zilizotokana na kazi ya World Vegetable Center, taasisi ambayo kituo chake cha kanda kipo hapa Arusha tangu 1992 na ambayo ina benki ya mbegu za mboga za Kiafrika. Tuliongeza figiri na kunde za kienyeji.

Mpangilio wa matuta ulizua mjadala mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kila aliyelima na mfereji anajua kwamba tuta la juu linakunywa kwanza na la mwisho linapata masazo. Ukiweka matuta yote ya bakteria juu na ya kawaida chini, utapima mfereji badala ya bakteria. Kwa hiyo tuligawa shamba katika makundi kuanzia juu hadi chini, na ndani ya kila kundi kila tiba, yaani kila namna tuliyoijaribu, ikapata tuta lake, kwa kuchota karatasi kwenye bakuli. Mzee wa mfereji, ambaye amegawa maji ya eneo hili tangu ujana wake, aliupenda mpango huo kuliko sisi wenyewe. Alisema hata katika zamu za maji haki hupatikana hivyohivyo.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kueleza. Kila kundi lina tuta lisilopewa chochote, na pia tuta lililopewa bakteria waliouawa kwenye presha kuka. "Unawaua halafu unawamwagia, kwa nini?" waliniuliza, na ni swali zuri. Kile kimiminika kina molasi na chachu, na bakteria wenyewe wakifa ni chakula, wana naitrojeni mwilini. Mboga inaweza kunawiri kwa sababu ya uji huo bila bakteria kufanya kazi yoyote. Tofauti kati ya tuta la walio hai na tuta la waliokufa ndiyo kazi halisi ya bakteria. Matangazo mengi ya mbolea za vijidudu hulinganisha na tuta tupu peke yake, na mimi siyaamini kwa sababu hiyo.

Miche ililowekwa mizizi kwa nusu saa, ikapandwa jioni, na baadaye tukarudia kumwagia shinani. Jani halikuguswa. Mbegu za kunde zilipakwa mkaa wenye bakteria kwa maji ya sukari, zikakaushwa kivulini na kupandwa siku hiyohiyo, maana jua la mchana linawaua. Samadi iliwekwa kipimo kimoja kwenye matuta yote.

Septemba: kuvuna bila kujidanganya

Mchicha ulishangilia. Matuta ya *Bacillus* yalitangulia, majani mapana, rangi iliyokolea, na watu waliokuwa wakipita kwenda Usa River walisimama kuuliza. Mnavu ulikwenda polepole. Kwa macho, tuta la *Pseudomonas* hai na la waliokufa yalikuwa ndugu. Figiri ilivamiwa na vidukari, tukaiondoa kwenye jaribio ili dawa isije ikachanganya mambo.

Tulivuna matuta yote saa ileile, alasiri. Kuna sababu. Jani linakusanya nitreti usiku na penye kivuli, na mwanga ndio unaoliwezesha kuigeuza kuwa protini. Vitamini C nayo inategemea mwanga. Tuta la asubuhi ukililinganisha na la alasiri unalinganisha jua.

Kisha vumbi. Septemba vumbi la barabara linatanda juu ya kila jani, na vumbi hilo limejaa chuma, kile cha kutu ambacho tumbo la mtu linakitumia kidogo sana. Majani yalioshwa kwa maji yenye tone la sabuni, yakasuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyotoneshwa. Sehemu ndogo tuliiacha makusudi bila kuosha. Tulikausha kwa moto mdogo na kutwanga kwenye kinu kipya cha mbao, kwa kuwa mashine ya chuma inayosaga huacha chuma chake kwenye unga. Sampuli zilikwenda maabara kupimwa kwa mashine inayotambua madini kwa jinsi yanavyofyonza mwanga, zikiwa na namba tu, bila maelezo ya lipi ni lipi.

Vitamini C tuliipima wenyewe siku ya kuvuna, kwa kutonesha iodini na uji mwepesi wa muhogo hadi rangi ya bluu itokee. Haisubiri, inaharibika tangu jani linapokatwa.

Oktoba: majibu

Majibu tuliyasoma pamoja chini ya mparachichi, tukiwa na daftari la namba za matuta.

Mchicha kwanza. Uzito wa mavuno ulipanda kwa *Bacillus* hai, na ulizidi ule wa waliokufa, kwa hiyo kazi ilifanyika. Lakini chuma kwa gramu ya jani kavu hakikupanda. Kwenye matuta yaliyonawiri zaidi kilishuka kidogo. Wataalamu wanalijua jambo hili: mmea ukikua haraka kuliko mizizi inavyovuta madini, madini yaleyale yanasambazwa kwenye jani kubwa zaidi. Mkulima amepata zaidi, shamba limetoa chuma zaidi kwa jumla, ila mtoto anakula sahani, si shamba. Kwa sahani yake hatujaongeza kitu. Ningependa kila anayeandika "bakteria huboresha lishe ya mboga" aonyeshe kipimo hiki kabla ya picha ya jani kubwa.

Mnavu ulitoa jibu la upande mwingine. Yale matuta ya *Pseudomonas* ambayo kwa macho hayakuwa na la kuonyesha ndiyo yaliyokuwa na chuma zaidi kwa gramu, kuliko matuta matupu na kuliko ya bakteria waliokufa. Ilikuwa hivyo kwenye makundi yote isipokuwa lile la mwisho wa mfereji, ambako maji hufika kidogo na tofauti haikuonekana. Nilisoma mistari hiyo mara mbili kwa sauti. Mama mwenye swali lake aliniomba namba za matuta hayo akayaone.

Kunde zilizopakwa bakteria zilikuwa na naitrojeni zaidi kwenye majani, maana yake protini zaidi, na hapo hakuna la ajabu, ni kazi yao tangu dunia iumbwe. Vitamini C haikuonyesha tofauti popote.

Na yale majani yasiyooshwa? Chuma chake kilikuwa juu kuliko cha tiba zetu zote. Vumbi la barabara lilitushinda. Nimeomba sampuli ile ibaki ofisini kwenye chupa yenye lebo, ili siku mtu akitufuata na takwimu za kustaajabisha tumwulize kwanza kama alinawisha majani.

Oktoba, kikao cha jikoni

Baada ya majibu tulikubaliana kwamba haitoshi kukiingiza chuma kwenye jani kisha kukipoteza jikoni. Hapo akina mama ndio walikuwa walimu, nami nikawa wa kuongezea tu.

Magadi yalichukua nusu ya kikao. Nyumba nyingi za huku huweka magadi kwenye mnavu na kunde ili vilainike upesi na kubaki na kijani. Magadi ni alkali, na alkali inaivunja vitamini C pamoja na baadhi ya vitamini B. Vitamini C ndiyo inayousaidia utumbo kukifyonza chuma cha mboga. Zaidi ya hapo, magadi ya ukanda wetu yanabeba floraidi nyingi, nasi tayari tunakunywa maji yenye floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na mito huku kwetu inayopita hapo kwa mbali. Meno ya kahawia ya watoto wa Maji ya Chai, jirani zetu, ni kazi ya floraidi hiyo. Bibi mmoja alisema amepikia magadi maisha yake yote na hawezi kula mnavu mgumu. Jibu lilitoka kwa mwenzake: vuna majani machanga, kata nyembamba, pika na nyanya, kitunguu na karanga zilizosagwa. Mafuta ya karanga yanasaidia pia karotini ya jani kufyonzwa mwilini. Mwisho unakamulia ndimu mezani.

Chai nayo ikatajwa. Chai ya rangi pamoja na chakula inakifunga chuma tumboni. Isubiri saa moja au mbili.

Mchicha una oksaleti, inayoikamata kalsiamu. Kuuchemsha na kumwaga maji kunapunguza oksaleti na nitreti, lakini maji hayohayo yanaondoka na vitamini C na foleti, na foleti ndiyo mjamzito anayoihitaji. Hatukufikia uamuzi mmoja. Mimi nauchemsha kidogo tu, wengine wanaukaanga moja kwa moja.

Novemba, vuli imeanza

Majirani wanataka kununua bakteria. Hatuuzi. Mbolea ya kuuzwa inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na msimu mmoja kwenye shamba moja hauthibitishi kitu cha kumchukulia mtu fedha. Anayetaka kujifunza kupaka mbegu za kunde anakaribishwa, hilo ni la zamani na salama.

Msimu unaofuata tunaacha mchicha na kuelekeza nguvu kwenye mnavu. Matuta mengi zaidi yatakuwa mwisho wa mfereji, kule *Pseudomonas* aliposhindwa, na nusu yake yatafunikwa kwa majani makavu ya migomba yatunze unyevu. Nadhani kiu ndiyo iliyomwangusha, tutaona. Tiba mpya ni *Bacillus* na *Pseudomonas* pamoja, kwa kiasi ambacho hakitaukimbiza mmea. Tutapima zinki pia, na kabla ya masika nitachukua udongo wa mizizi ya matuta ya zamani niumulike tena kwa taa ya noti, kujua kama wale tuliowapanda bado wapo au wenyeji wamewafukuza. Wakala amekubali kutuazima taa. Miche inasiwa Jumatatu, na wa zamu ya kulaza maji kwenye ndoo Jumapili jioni ni mimi na mama mwenyekiti.